Semina ya liturujia tulifanya, vyeti tukapewa, na bado Waefeso imesomwa kama matangazo ya ndoa

Mama Mimbari | Jumatatu, saa 3 usiku

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mratibu wa wasomaji parokiani kwetu, huu mwaka wa sita. Naandika nikiwa bado na ya jana moyoni, mnivumilie.

Mwezi uliopita tulifanya semina ya siku nzima kwa wahudumu wote wa liturujia: wasomaji, watumikiaji, kwaya, wahudumu wa Komunyo, wapokezi, watu wa sakristia. Mwezeshaji alikuja na projekta. Tukafundishwa namna ya kutembea kuelekea altareni, mikono ikae wapi, tofauti ya kuinamisha kichwa na kuinamisha mwili, umbali wa mdomo na kipaza sauti, mavazi. Jioni vyeti, picha ya pamoja, kila mtu kwake.

Jana ilikuwa Dominika ya 15 ya Mwaka B. Somo la pili, Waefeso 1:3-14. Anayelijua somo hilo anajua shughuli yake: kwa Kigiriki aya zote 12 ni sentensi moja. Mtume anaanza kumtukuza Mungu na hatui mpaka mwisho. Msomaji wangu, kijana mzuri, mwenye cheti, alitembea vizuri sana. Akainama vizuri sana. Akafungua mdomo: "Somo la pili." (Hayo ni maandishi mekundu, yaani maelekezo tu, hayasomwi, nimesema mpaka ulimi umeota sugu.) Kisha akaondoka mbio. Pumzi ikimwishia popote, hapo hapo ndipo kituo. "Katika yeye huyo kwa damu," akavuta pumzi, "yake tunao ukombozi wetu masamaha." Akavuta tena. "Ya dhambi."

Baada ya Misa nilimfuata sakristia, kwa upole, nikamuuliza: mwanangu, huyo "yeye" ni nani? Akafikiri. Akasema, "Paulo?"

Somo la kwanza nalo lilikuwa lile la kuhani Amazia akimfukuza Amosi Betheli. "Ewe mwonaji, nenda zako." Hapo kuna mtu anafukuzwa, tena na kuhani! Lilisomwa kwa sauti ile ile inayotangaza zamu za usafi wa kanisa. Zaburi ya siku ilikuwa ya 85, na beti zake zinaanza na "Na nisikie atakavyosema Mungu Bwana." Hatukuyasikia. Kwaya waliweka wimbo wao mpya wa kushukuru.

Simlaumu kijana. Najiuliza siku nzima ile tulifundishwa nini. Tulifundishwa kufika mimbarini, kusoma hatukufundishwa. Nimekaa nikaikumbuka ratiba yote: projekta iliwaka tangu asubuhi hadi jioni, na kitabu cha masomo hakikutoka kabatini hata mara moja.

Wenzangu mnafanyaje? Msiniambie nimwombe Roho Mtakatifu, namwomba. Nataka kujua mnafanya nini Jumanne, au Alhamisi.

Bezi wa Nyuma | Jumatatu, saa 4 usiku

Milele amina. Mama, umepiga penyewe kwa wasomaji, ila kwaya naomba niwatetee kidogo.

Zaburi inabadilika kila Dominika. Masomo yanazunguka miaka mitatu, A, B na C, maana yake zaburi ya jana itarudi baada ya miaka mitatu, na wakati huo nusu ya wanakwaya wameshahama. Mwalimu ana saa mbili Jumamosi kuwafundisha watu sauti nne, na sauti ya tatu haijawahi kufika kwa wakati tangu kanisa lijengwe. Anachagua nini? Anachagua kinachosikika. Na niseme ukweli wa Mungu: wimbo mpya ukitoka vizuri watu wanatushika mikono mlangoni. Sijawahi kushikwa mkono kwa sababu ya zaburi.

Kiti cha Nyuma | Jumatatu, saa 5 usiku

Mimi si mhudumu wa chochote. Nakaa karibu na mlango, kwa hiyo niwaambie kinachofika huku: hakifiki kitu.

Kanisa letu lina mwangwi. Neno likitoka kwenye spika linagonga ukuta, linarudi, linakutana na neno la pili njiani. Msomaji akiwa na haraka, huku nyuma tunasikia ngurumo yenye "Bwana" mbili tatu ndani yake. Hakuna semina iliyowahi kumtuma mtu mmoja akae kwenye benchi langu wakati mwingine anasoma. Mngefanya hilo tu, mngemaliza nusu ya kazi.

La pili. Somo likiisha, "Tumshukuru Mungu" haijatua vizuri, kinanda kimeshalia. Homilia ikiisha, tumesimama Nasadiki. Komunyo ikiisha, matangazo. Nitafakari saa ngapi? Mafunzo yenu yote ni ya namna ya kujaza nafasi.

Mzee Chetezo | Jumanne, alfajiri

Amani kwenu. Nimekuwa sakristia tangu nikiwa na nywele nyeusi, nimeona semina nyingi zikija na kwenda.

Kiti cha Nyuma ana haki kuhusu kimya. Si hisani ya padre kutupa kimya. Kimo katika taratibu za Misa: kwenye tendo la toba, baada ya "Tuombe", baada ya masomo na homilia, baada ya Komunyo. Watu wanakiogopa. Wakisikia kimya wanadhani mtu amesahau zamu yake.

Lakini Mama Mimbari, usiidharau mikono. Umeandika kama vile kufundishwa kutembea na kuinama ni upuuzi. Kosa halikuwa kufundisha mikono. Kosa ni kuifundisha mikono bila sababu.

Nikupe mfano. Alhamisi Kuu moja, wimbo wa Utukufu umeimbwa, kengele zote zimelia, na kama mjuavyo zikishalia hapo zinanyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Tumefika mageuzo, mkate na divai vinapogeuzwa Mwili na Damu. Padre ameinua hostia. Mtumikiaji wangu wa miaka kumi akapiga kengele, kwa nguvu, tena mara tatu, vizuri kabisa kama alivyofundishwa. Kanisa zima likageuka. Mtoto akaona macho ya watu, akalia. Aliyemfundisha ni mimi! Nilimfundisha lini apige. Kengele ile ni ya nini, na kwa nini usiku ule inanyamaza, sikumwambia. Angejua, mkono wake wenyewe ungesita.

Siku hizi naanza na korporale, kile kitambaa kinachotandikwa altareni chini ya hostia na kikombe. Namweka mtoto mezani, namwambia aikunjue polepole: imekunjwa mara tatu huku na mara tatu kule, inatoa miraba tisa, na mikunjo yote inaingia ndani. Namuuliza kwa nini ndani. Wanajibu mengi, mwingine aliniambia ili isichafuke. Nawaacha wafikirie wiki nzima. Wiki inayofuata nawaambia: ni kwa sababu chembe ya hostia ikidondoka hapo ibaki hapo, isipeperuke sakafuni. Tangu siku hiyo sijamwona mtoto anaikung'uta kama kitambaa cha meza. Hata wanavyotembea imebadilika, na kutembea sikugusa.

Padre Bila Jina | Jumanne, saa 7 mchana

Mzee Chetezo, shikamoo. Hiyo ya korporale naiiba.

Bezi, nakuhurumia lakini sheria haina kona hapo. Maelekezo Makuu ya Misale ya Roma, namba 57 na 61: zaburi ni sehemu ya Liturujia ya Neno, na hairuhusiwi kuiondoa ukaweka maneno mengine yasiyo ya Biblia. Ni Neno la Mungu kama lilivyo somo la Amosi. Hakuna ambaye angethubutu kubadilisha Amosi kwa sababu kuna kitu kizuri zaidi. Ila namba 61 imewaonea huruma wanakwaya. Inaruhusu, pale zaburi inapoimbwa, kutumia zaburi na viitikio vilivyochaguliwa kwa majira mazima ya mwaka. Na si lazima sauti nne. Mtu mmoja mimbarini, toni moja rahisi, watu wajibu kiitikio. Toni hiyo hiyo mnaweza kuitumia miezi mitatu, maneno ndiyo yanayobadilika. Ikishindikana kabisa, zaburi isomwe, taratibu, ya kutafakarika.

Sasa niseme la upande wetu. Katiba ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963, kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Kila mwezeshaji wa semina ananukuu namba 14: ushiriki kamili, wa kutambua na hai. Wengi wanaishia katikati. Namba hiyo inaendelea: matumaini hayo ni bure wachungaji wenyewe wasipokuwa wa kwanza kulowana roho na nguvu ya liturujia. Kwa hiyo mama, ukishamuuliza kijana "yeye" ni nani, kamuulize na paroko wako ameyafungua masomo lini. Mimi ukiniuliza, wiki nyingine nitakujibu: Jumamosi, saa nne usiku.

Bezi wa Nyuma | Jumanne, saa 8 mchana

Padre, toni moja miezi mitatu mwalimu wetu atajiuzulu. Ila nitamfikishia.

Binti Lektio | Jumanne, saa 2 usiku

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, kwenye semina yetu tuliambiwa tukimaliza mafunzo tutakuwa "wasomaji rasmi". Kuna tofauti gani na sisi tunaopangiwa zamu kila wiki? Na wasichana tumo au hatumo?

Padre Bila Jina | Jumanne, saa 3 usiku

Mmo. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliziondoa daraja ndogo za zamani akaacha huduma mbili, msomaji na akolito (mhudumu wa altare), walei wakiruhusiwa kuwekwa humo, lakini wanaume tu. Januari 2021 Papa Fransisko akabadilisha kanuni ya 230 ya Sheria za Kanisa, sasa wanawake pia. Huyo anawekwa kwa ibada maalumu na askofu, na huduma yake ni ya kudumu. Wewe wa zamu unasoma kwa kupangiwa na parokia, na huduma yako ni ya kweli pia. Katiba ya Liturujia namba 29 inawataja watumikiaji, wasomaji, wafafanuzi na wanakwaya kuwa wanatimiza huduma halisi ya kiliturujia. Cheti cha semina si kuwekwa. Ni karatasi ya kusema ulihudhuria.

Kiti cha Nyuma | Jumanne, saa 4 usiku

Karatasi ya kusema ulihudhuria. Hapo padre umenena.

Halafu mimi nani ananifundisha? Kila mnapozungumzia mafunzo mnazungumzia watu thelathini wanaovaa joho. Sisi mia sita tuliobaki ni watazamaji?

Mama Mimbari | Jumatano, saa 12 jioni

Jamani nimesoma yote. Mzee Chetezo, nimekubali kosa langu kuhusu mikono. Kiti cha Nyuma, kwako sina jibu bado, ila umenipa wazo.

Nimeamua kesho jioni naita nusu saa. Kanisani, si ukumbini. Hakuna projekta. Kitabu cha masomo wazi mimbarini, kipaza sauti kimewashwa, mtu mmoja anakaa benchi la mwisho. Tunasoma masomo ya Dominika ijayo basi. Nimewaalika wote, kwaya na watumikiaji pia, hata paroko.

Padre, nianze na lipi?

Padre Bila Jina | Jumatano, saa 1 usiku

Anza na Injili ingawa wasomaji hawaisomi. Dominika za kawaida, somo la kwanza huchaguliwa lifanane na Injili, kwa hiyo ukiijua Injili unajua kwa nini Yeremia yupo pale Dominika ijayo. Juzi mlikuwa na Amosi anafukuzwa, na katika Marko Yesu anawatuma wale Thenashara wawili wawili akiwaonya kuna mahali hawatapokelewa. Nani aliiona hiyo kamba?

Somo la pili lina safari yake. Waefeso imeanza Dominika ya 15, itaendelea mpaka ya 21. Wiki saba. Mrudishie yule kijana.

Mama Mimbari | Alhamisi, saa 4 usiku

Nimerudi sasa hivi. Kwenye orodha yangu nina wasomaji 24. Wamekuja wanne. Mpiga kinanda mmoja, watumikiaji wawili, na paroko, ambaye sikumtegemea. Yule kijana wa Waefeso amekuja, amekaa mbali.

Somo la kwanza Yeremia 23. Msomaji akafika mimbarini, akafungua: "Ole wao wachungaji, wanaoharibu kondoo za malisho yangu, na kuwatawanya!" Alipofika kwenye "wachungaji" akamtazama paroko, sauti ikashuka mpaka ikawa mnong'ono. Tukacheka wote. Paroko akasema, rudia, isome kama ilivyoandikwa, ninayeambiwa ni mimi. Akarudia. Mpaka mara ya tatu ndipo ikatoka, na nawaambia ukweli, ilipotoka hakuna aliyecheka. Paroko alikuwa anatazama chini.

Halafu Waefeso 2:13-18. Nikampa kijana. "Kwa maana yeye ndiye amani yetu." Akasimama mwenyewe, akaniangalia, akasema, "Huyu ni Kristo, mama, nimeangalia juu ya hapo." Sikuwa nimemuuliza.

Akaendelea mpaka "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga." Kiambaza ni nini? Wasomaji wote wanne hawakujua, na wamesoma somo hili miaka yote. Mtumikiaji mmoja akabahatisha, "adui?" Paroko akaeleza ni ukuta wa kutenganisha, akatusimulia ukuta wa hekalu la Yerusalemu ambao mtu wa mataifa hakuruhusiwa kuuvuka, ukiuvuka unauawa. Dakika kumi zilipita kwenye neno moja. Nusu saa ikawa saa nzima na robo. Aliyekaa benchi la mwisho alikuwa anapunga mkono kila neno likipotea, na lililopotea zaidi ni mwisho wa sentensi. Tunaanza na nguvu, tunamalizia tumboni.

Mzee Chetezo | Ijumaa, alfajiri

Wanne wanatosha. Usiwasubiri ishirini.

Ila paroko asije kila wiki. Akija kila wiki litakuwa darasa lake. Aje mara moja moja.

Padre Bila Jina | Ijumaa, saa 6 mchana

Mzee, hilo limenichoma lakini ni kweli.

Mwaka 2022 Papa Fransisko aliandika barua kuhusu malezi ya liturujia, Desiderio desideravi, akimfuata mwanateolojia Romano Guardini aliyeona kwamba mtu wa leo amepoteza uwezo wa kusoma alama. Barua inaorodhesha vitu vya kawaida kabisa: kukusanyika, kutembea kwa maandamano, kuketi, kusimama, kupiga magoti, kuimba, kunyamaza. Vyote ni vya kusanyiko zima. Kiti cha Nyuma, hapo ndipo swali lako lilipo. Liturujia yenyewe ndiyo inayokufundisha, kama sisi tulio mbele hatukuzibii. Kijana akijua "yeye" ni nani, somo la kwanza la semina yako limeshaanza.

Kiti cha Nyuma | Ijumaa, saa 7 mchana

Tutaona Dominika.

Mama Mimbari | Dominika, saa 9 alasiri

Ripoti fupi.

Hakuna aliyesema "Somo la kwanza." Yeremia alisikika mpaka nje. Zaburi ya 23 waliisoma, hawakuiimba, mwalimu wa kwaya alisema toni hajaipata, sawa. Kijana alisoma Waefeso polepole kupita kiasi, lakini kila sentensi ilifika mwisho wake, na alipofika kwenye kiambaza alikitamka kama mtu anayekiona.

Kimya sasa. Nilimwomba mpiga kinanda baada ya kila somo ahesabu mpaka kumi kabla hajagusa kitu. Baada ya somo la kwanza, kanisa limenyamaza, mtoto mmoja anakohoa, watu wameanza kutazamana, na kipaza sauti cha kinanda kikiwa wazi tukasikia: "Sita. Saba. Nane."

Paroko alificha uso kwa kijitabu cha nyimbo.

Kiti cha Nyuma | Dominika, saa 10 jioni

Mama, kwetu hakuna aliyehesabu. Ila nimemuuliza mke wangu kiambaza ni nini. Hajui. Nimemweleza njia nzima mpaka nyumbani.

Bezi wa Nyuma | Dominika, saa 2 usiku

Kwetu mwalimu amejaribu. Zaburi ya 23, mtu mmoja, toni moja. Mwimbaji alianza juu mno, beti la tatu akawa anapumulia vidoleni. Lakini kiitikio kanisa zima liliitikia, hata mabenchi ya nyuma, mimi mwenyewe nilisahau kuingia. Mlangoni hakuna aliyenishika mkono. Mwalimu amesema wiki ijayo tunashusha nota mbili.

Binti Lektio | Dominika, saa 3 usiku

Shikamooni. Dominika ijayo nimepangiwa somo la kwanza, 2 Wafalme 4. Kuna mtu amekuja na mikate ishirini ya shayiri kutoka Baal-shalisha. Nimeshatamka mara kumi na tano mbele ya kioo na bado nacheka. Kuna mtu anayejua mkazo unakaa wapi?